Msimamizi Aliyesimamia Ukuta

Mwalimu wa darasa la uchapaji pale parokiani ameniomba niwaandikie ninyi wasichana mnaojifunza mashine kurasa chache kuhusu miaka yangu katika ofisi ya wakili. Akasema, "Andika ya kuwatia moyo, Mama Ipyana." Moyo jitieni wenyewe. Mimi nitaandika kazi ilivyokuwa. Nimestaafu kabla sijaota hata unywele mmoja mweupe, na mtoto yuko mgongoni ananivuta kitambaa cha kichwa ninapoandika haya, kwa hiyo msitegemee hekima ya uzee.

Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kuchapa Mbeya, nikarudi Tukuyu na cheti na viatu vya kuazima. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wakili mwenyewe alikuwa Mnyakyusa kama mimi, amesomea Dar es Salaam, akarudi nyumbani na vitabu vyake vya sheria ndani ya sanduku la bati. Jina lake silitaji. Kazi yake ilikuwa mambo ya ajira: nani kafukuzwa, nani kanyimwa likizo, nani karukwa cheo kwa sababu ya kabila lake au jinsia yake.

Siku ya kwanza hakutaka hata kukiona cheti changu. Alinikalisha kwenye mashine, akaanza kusema huku anatembea, mimi nachapa. Alipomaliza akauliza, "Umeandika nilichosema, au nilichotaka kusema?"

"Ulichosema."

"Vizuri. Ukianza kuandika ninachotaka kusema utakuwa wakili, na humu ndani mmoja anatosha."

Mashine ilikuwa na herufi ya M inayonata. Kwingine labda si tatizo. Rungwe hii, ambako nusu ya watu majina yao yanaanza na Mwa, ni adhabu. Nilijifunza kuipiga kwa kidole cha kati, kwa hasira kidogo, na hasira mimi sijawahi kupungukiwa. Jifunzeni pia kuangalia kaboni mara mbili kabla ya kuanza, maana ukiigeuza unapata nakala safi kabisa mgongoni mwa karatasi yako mwenyewe, na bosi hatacheka. Na majalada msiyaegemeze ukutani. Mvua ya hapa inapita ndani ya tofali. Kila Ijumaa mchana niliyaanika kuzunguka jiko la mkaa kama mtu anayekausha dagaa, nikiyageuza, mpaka ofisi nzima inanuka kesi za watu.

Kesi iliyonifundisha kazi ilikuja wakati viwanda vya chai bado ni vya serikali. Mama mmoja alikuwa anapima chai ghalani. Alipojifungua na kurudi, akakuta amehamishiwa shambani kuchuma, kwenye mvua, na mtoto mchanga. Nilichapa maelezo yake huku machozi yananitoka, nikaweka humo maneno yote makali niliyoyajua. Wakili akasoma, akakunja karatasi.

"Hapa umeandika 'wamemwonea'. Toa. Andika alikuwa wapi kabla hajajifungua, na aliwekwa wapi baada ya kujifungua. Msomaji atakasirika mwenyewe, tena atakasirika vizuri kuliko wewe."

Nikaandika hivyo. Kamati ya wafanyakazi ikasoma, ikakasirika, na yule mama akarudi ghalani. Alikuja kushukuru na mkungu wa ndizi kichwani, akasema ndaga, ndaga fijo, mpaka Wakili akaona aibu akajificha nyuma ya kitabu. Siku ile nilimpenda yule mtu kama baba yangu. Niseme hilo wazi, maana yanayofuata mtadhani nilimchukia tangu mwanzo.

Kitu ambacho hawatawafundisha darasani ni upweke. Ukichapa siri za watu, watu wanakuogopa. Nilipanga chumba Ibighi, na nikifika bombani na ndoo, wanawake wanaacha kuzungumza, wanaanza kuuliza bei ya mkaa. Wanadhani ninajua yao, na kweli ninajua. Ninajua mume wa nani ameonywa kwa ulevi, binti wa nani ameandika barua ya malalamiko. Siwezi kuwaambia chochote, na kwa kuwa siwezi kuwaambia chochote, na wao hawaniambii kitu. Chakula cha mchana nilikula ofisini na mashine. Wakili alikwenda hotelini kula na wenye mambo.

Halafu zikaja enzi za ruksa, na baada ya ruksa yakaja mauzo ya mali za serikali. Kiwanda kikapata wenyewe wapya, na wateja wetu wakabadilika. Zamani waliokaa kwenye benchi nje walikuwa watu wenye matope miguuni. Sasa walikuja mameneja kwa gari, na benchi likabaki la kuku wa mwenye duka. Walitaka ushauri wa kufuata sheria. Msidanganyike na maneno hayo. Aliyetaka kufuata sheria hakuhitaji ushauri mrefu, tulimwambia likizo ya uzazi ni haki, mpe, basi, kwaheri. Mrefu ulikuwa wa yule aliyetaka kujua sheria inaishia wapi ili asimame hapohapo ukingoni.

Wakili alikuwa hodari kwa hilo pia. "Usiandike 'mjamzito'. Andika 'mahudhurio'." Mtu yuleyule aliyenifundisha kuweka mambo wazi ili msomaji akasirike, sasa alifundisha watu kuyaondoa ili asiwepo wa kukasirika. Nilichapa. M inanata, nachapa.

Katikati ya hayo nikaolewa, nikamzaa Ipyana. Mume wangu ni mwalimu, akapangiwa Chunya, anakuja likizo akiwa na nauli. Nilirudi kazini na mtoto, nikamlaza kwenye boksi la karatasi chini ya meza. Siku moja Wakili ananisomea ushauri kwa kampuni moja, kwamba ni vyema mama anyonyeshaye apewe nafasi na muda. Ipyana akalia. Wakili akanitazama juu ya miwani.

"Mama Ipyana, ofisi hii si kliniki."

"Hiyo niiandike kwenye ushauri?"

Hakucheka. Kuanzia siku ile mtoto alibaki kwa jirani, na maziwa nikakamua kwenye beseni nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya mabati.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Meneja mpya wa kiwanda alikuwa kijana wa Dar, ana tai, baridi ya Tukuyu imeifanya pua yake mfereji. Alikuja mchana mmoja wa mvua. Mimi nilikuwa namimina chai.

"Wakili, chumba changu cha kuchambulia chai kimejaa kina mama. Leo mtoto anaharisha, kesho likizo ya uzazi. Nataka wasichana wasio na watoto."

"Huwezi kumfukuza mtu kwa sababu ameolewa. Wala kwa sababu ana mtoto."

"Sasa nimekuja kunywa chai ya kwangu mwenyewe?"

Wakili akacheka. "Bwana mdogo, umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana. Hao kina mama wengi ni wa Kisondela. Una mzee yeyote wa Kisondela hapo kiwandani?"

"Yuko mmoja wa tanuri, Mzee Ambakisye."

"Mpandishe cheo. Mfanye msimamizi wa chumba kile. Usimfukuze mtu. Kaa, usubiri."

Meneja hakuelewa. Na wale miongoni mwenu ambao si wa huku, nanyi hamtaelewa, basi nieleze. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake usoni. Hakai naye chumba kimoja, hasemi naye, hataji jina lake. Akimwona njiani anaacha njia, anajifunika, anageukia migomba mpaka apite. Na si yeye tu, hata ndugu zake na wazee wa rika lake ni wakwe vilevile. Mjini watu wamelegeza, na baadhi ya makanisa yanalisema vibaya jambo hili. Kisondela hawajalegeza. Mwanamke anayelivunja anaambiwa amemvua mzee nguo. Wakili aliyajua haya yote kwa maziwa ya mama yake. Mke wake mwenyewe alilala kwa jirani siku baba mkwe alipokuja kutibiwa mjini.

Meneja alipoeleweshwa akapiga paja. "Kwa hiyo wataondoka wenyewe!"

"Kwa hiari," akasema Wakili. "Na hiari haina kesi." Kisha akanigeukia, mpole kabisa. "Ahsante kwa chai, Mama Ipyana. Haya hayaandikwi."

Mzee Ambakisye akavishwa koti jeupe. Maisha yake yote alikuwa analisha kuni tanuri la kukaushia chai, uso umekauka na wenyewe, na sasa mtu amekumbuka kuwa yupo. Alipita sokoni amelivaa siku ya Jumapili. Watu wakampigia makofi. Mimi nilisimama na ndizi zangu mkononi, sikujua niangalie wapi.

Wanawake wawili waliondoka asubuhi ya kwanza. Walimwona anaingia, wakafunika vichwa, wakatundika aproni kwenye msumari, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kabla ya wiki kuisha wakaondoka wengine. Karatasi zao zilikuja kwangu: ameacha kazi kwa hiari, ameacha kazi kwa hiari. Mzee mwenyewe alidhani wameingiwa na wivu, kwamba hawataki kuona mtu wa tanuri amepanda.

Mmoja hakuondoka. Tusekile, mke wa mtoto wa huyohuyo Mzee Ambakisye. Nilisoma naye shule ya msingi. Mume wake alivuka mpaka wa Kasumulu kwenda kufanya biashara, akawa ni wa kuulizwa habari zake tu. Tusekile alikuwa na watoto watatu, na kilichowalisha kilikuwa kazi ile, na hata chumvi ya baba mkwe ilitoka humo. Aondoke aende wapi? Akawa anachambua chai nyuma ya magunia, khanga usoni, na mzee akikaribia anatoka nje mpaka apite. Kila akitoka, anaandikiwa onyo la kuacha sehemu ya kazi. Maonyo hayo niliyachapa mimi. Lilipobaki moja tu afukuzwe, nilimngojea njiani baada ya zamu.

"Tusekile, kamwambie mzee asogee pembeni."

"Nimwambieje? Kwa mdomo gani?"

"Basi kaa. Mtazame. Chai haijui mkwe."

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Wewe umeolewa na mwalimu, mkwe wako anaishi mbali. Rahisi kwako. Nikimtazama, nitaishi na nani pale nyumbani? Nitazikwa na nani?"

Nikarudi Ibighi nimekasirika, na hasira yangu haikuwa kwa Tusekile. Mtu aliyeweza kusema na mzee yule alikuwa mimi. Si mkwe wangu. Jumapili baada ya ibada nikambeba Ipyana, nikapanda bodaboda mpaka barabara ilipoishia kwa tope, nikatembea kilichobaki. Nilimkuta anapogolea miti yake ya parachichi, koti jeupe limeanikwa kwenye kamba peke yake, limenyooshwa.

Nilimsalimu kwa kupiga goti. Akafurahi, akanitafutia kigoda. Nikamwambia yote, kuanzia mafua ya meneja mpaka hiari isiyo na kesi. Nilipomaliza akaendelea kukata tawi lililokuwa limekwisha kukatika.

"Kwa hiyo walinipandisha," akasema, "kama unavyosimamisha mti wa kutishia ndege."

"Ndiyo, tata," nikamwita baba kwa lugha yetu.

"Si kwa sababu ya tanuri."

"Hapana."

"Tanuri nililijua vizuri."

"Najua, tata."

"Hujui. Ungejua, usingekuja kuniambia." Akakaa chini. "Ningekufa nikiwa msimamizi. Nenda, mwanangu. Mvua inakuja, una mtoto."

Nilitembea kurudi nikilia kwa hasira, kwake na kwa kila mtu.

Yaliyotokea Jumatatu, walionisimulia walikuwa wengi, na wote walisimulia sawa. Mzee aliingia chumba cha kuchambulia chai na kigoda cha nyumbani. Akakiweka mbele ya ukuta, karibu kabisa, akakaa amekipa mgongo chumba kizima. Koti jeupe, uso ukutani. Akasema kwa sauti: "Waambieni walio nyuma yangu, mimi leo na siku zote nasimamia ukuta huu. Kazi iendelee."

Wasichana wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tusekile akatoka nyuma ya magunia. Kuanzia hapo walifanya kazi hivyo, kwa kupitia binti mmoja ambaye hajaolewa. Mzee anauambia ukuta, "Mwambieni yule wa meza ya mwisho, sampuli yake ina vikonyo." Tusekile hatua chache nyuma yake anajibu, "Mwambieni tata, gunia lile si langu, ni la zamu ya jana." Yule binti katikati anageuza shingo kama anaangalia mpira. Chai ilitoka safi. Wawili kati ya walioondoka wakaja mlangoni kuchungulia, wakaomba kurudi.

Meneja akaja ofisini kwetu bila hata kupangusa viatu. "Msimamizi wangu anasimamia ukuta!"

Wakili alicheka kwanza, kicheko cha kweli, cha mtu wa nyumbani aliyesikia kitu cha nyumbani. Kisha kikakatika. "Hiyo ni rahisi zaidi. Uzembe kazini. Msimamizi asiyeangalia anachosimamia. Hapo hata kamati haina la kusema." Akasimama, akaanza kutembea kama kawaida yake. "Mama Ipyana, weka karatasi. Barua ya kumwachisha kazi."

Niliweka karatasi. Niliangalia kaboni mara mbili, mazoea tu. Halafu nikaweka mikono mapajani.

"Sichapi."

"Mkono unauma?"

"Mkono hauumi. Sichapi hiyo."

Meneja akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi, na nikaona anahesabu, na kwamba amepata jibu. "Nani alimwambia yule mzee?"

"Mimi."

"Siri ya mteja, Mama Ipyana. Nimekufundisha siku ya ngapi?"

"Ya kwanza. Na hiyo hukunipa nitunze, mliisema mbele yangu kama mtu anavyosema mbele ya kabati."

"Unajua hutapata kazi kwa wakili yeyote kutoka hapa mpaka Mbeya."

"Najua."

"Kwa ajili ya mkwe wa mtu?" Na hapo sauti yake ilitaka kuwa ile ya zamani, ya yule aliyejificha nyuma ya kitabu. Angeendelea na sauti ile, sijui ningefanyaje. Lakini meneja alipiga chafya, na Wakili akasema, "Toka."

Mvua ilikuwa kubwa, nikasimama chini ya bati la dukani. Nikasikia mashine ndani. Wakili anachapa mwenyewe, kwa vidole viwili. Tap. Kimya kirefu. Tap. Barua ile ilimchukua mvua nzima, na mimi nilisimama nikaisikiliza mpaka mwisho.

Mzee Ambakisye aliachishwa. Kamati haikuwa na la kusema, kama ilivyotabiriwa. Lakini koti lile jeupe halikupata wa kulivaa: kila mzee aliyeitwa, wa Kisondela na hata wa mbali, alijibu kwamba mgongo unamuuma. Mwishowe wakaleta kijana wa Iringa, asiye mkwe wa mtu yeyote, na Tusekile yuko kazini mpaka leo, meza ileile ya mwisho. Mtu atawaambia tulishinda. Mzee mmoja amepoteza kazi kabla ya muda wake, wanawake kadhaa hawakurudishwa, na Wakili ana gari. Hesabu hiyo fanyeni ninyi.

Wakili alisema kweli kuhusu kazi. Nimekwenda Mbeya, nimegonga milango, wanasoma jina langu, wanasema nafasi imejaa. Mume wangu aliandika kutoka Chunya: "Ulitegemea nini?" Wanawake walioondoka mwanzoni wananiona sokoni Msasani, hii ya hapa Tukuyu, wanageuza uso, kwa kuwa nilijua na nikawaacha waondoke. Tusekile naye akinikuta njiani hupita upande wa pili. Simlaumu. Meneja anajua nani alisema, na kuonekana na mimi si afya. Bombani bado wanauliza bei ya mkaa. Miaka yote nilidhani wananiogopa kwa sababu ya ofisi.

Kwa hiyo mashine jifunzeni, wasichana, ni kazi nzuri, mikono haipauki. Mkiambiwa "haya hayaandikwi," mjue ndipo kazi inapoanza, na mjue itawagharimu nini, maana mimi hakuna aliyeniambia.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Kisondela. Nilitegemea mzee atanifukuza. Alikuwa uani. Tusekile alikuwa amemwekea chakula juu ya kigoda, akaondoka kwenda nyuma ya jiko kabla mzee hajafika, kama inavyotakiwa. Mzee akala, akasema kwa sauti ya kutosha kufika nyuma ya jiko kwamba magimbi ya leo yameiva vizuri. Baada ya muda akatoka mjukuu mbio, akasema, "Mama anasema ndaga." Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Kila siku wanafanya hivyo. Hawajawahi kuonana uso kwa uso, wale wawili.

Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Na wewe, mwanangu, siku hizi unakula na nani?"

"Na Ipyana."

"Huyo anakula kifuani. Nakuuliza wewe."

Nilitaka kusema kitu cha ukali, na ninavyo vingi. Kilichotoka kilikuwa hiki: "Mimi nakula nimesimama, tata."